Kurudi kwenye Land Rover 109: Hesabu za mkulima wa Uluguru

MVUA za masika zinapoanza kunyesha katika milima ya Uluguru, ubishi wa vijiweni kuhusu gari lipi ni bora humalizwa na barabara yenyewe. Udongo mwekundu ukishalowa, kona za kupanda kuelekea Mgeta huteleza kama sabuni, na gari linaloshindwa kupanda huzuia mengine yote yaliyo nyuma yake. Huku juu, kabichi, karoti, njegere na viazi vimeshavunwa na vimefungwa kwenye magunia. Mboga hazisubiri barabara ikauke. Kila siku inayopita zinapoteza uzito, rangi na bei.

Ni katika mazingira hayo ambapo gari lililodhaniwa limekwisha kazi yake, Land Rover ya zamani maarufu kama “109”, bado linatajwa kwa heshima. Na ni katika mazingira hayo hayo ambapo mtu aliyewahi kuliuza ili anunue gari la kisasa lenye kiyoyozi na viti laini hujikuta akijiuliza kama hakufanya haraka.

Tamaa ya kurudi kwenye gari la zamani si ya Morogoro peke yake. Ulaya na Marekani wapo matajiri waliokwisha kumiliki magari mapya ya mbio, yanayoongozwa na kompyuta kuanzia breki hadi injini, ambao hatimaye hurejea kwenye Porsche 911 au MGB za miaka ya 1960 na 1970. Wanasema gari jipya linakwenda kasi zaidi, lakini la zamani ndilo linalomfanya dereva ajione anaendesha.

Afrika Mashariki nayo ina historia yake. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi njia zake zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, baadaye Tanzania. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na ikashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Miaka 50 baada ya Safari ya kwanza, mwaka 2003, yalianzishwa mashindano ya East African Safari Classic kwa ajili ya magari ya enzi hizo. Na mwezi Oktoba 2024 jiji la Arusha lilifurika wamiliki wa Land Rover waliokusanyika kwa tamasha la gari hilo, la zamani na jipya.

Hata hivyo, kuna tofauti kubwa kati ya tajiri anayerudi kwenye gari la zamani kwa starehe ya Jumapili na mkulima wa Nyandira, Kinole au Matombo. Wa kwanza akikosea, anapoteza fedha za ziada. Wa pili akikosea, anapoteza mtaji wa msimu mzima. Kwa hiyo suala la kurudi kwenye 109 linahitaji kalamu na karatasi kabla ya kuongozwa na mapenzi.

Gari la namna gani?

Land Rover ya kwanza ilioneshwa hadharani katika maonyesho ya magari ya Amsterdam, Aprili 30, 1948. Baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa adimu Uingereza, hivyo bodi ilitengenezwa kwa aluminiamu juu ya chasisi ya chuma. Uamuzi uliofanywa kwa sababu ya uhaba ukageuka kuwa faida, kwa kuwa bodi hiyo haishiki kutu kama mabati ya magari mengine.

Jina “109” linatokana na urefu wa inchi 109, sawa na takriban meta 2.77, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Toleo la tatu, ambalo ndilo lililobaki kwa wingi, lilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Injini yake ya kawaida ina ujazo wa sentimeta za ujazo 2,286, ya petroli au ya dizeli. Si injini yenye nguvu nyingi. Lakini inavuta taratibu, haina papara, na haichagui sana mafuta.

Sifa ya pili ni urahisi wa ujenzi wake. Sehemu kubwa ya bodi imefungwa kwa bolti, hivyo ubavu uliopondeka unaweza kufunguliwa na kubadilishwa bila kugusa sehemu nyingine. Springi zake ni vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kimoja kikivunjika, fundi wa kijijini mwenye jeki na spana anaweza kukibadilisha chini ya mwembe. Aidha, gari lina gia nzito za ziada zinazoliwezesha kupanda au kushuka mlima kwa mwendo wa mtu anayetembea, huku magurudumu yote manne yakivuta.

Kwa miongo kadhaa hilo ndilo lililokuwa gari la serikali, la misheni, la chama cha ushirika na la bwana shamba. Wazee wengi wa Uluguru walipanda gari kwa mara ya kwanza maishani mwao wakiwa nyuma ya Land Rover.

Kwa nini liliachwa?

Mwaka 1984 serikali ilianza kulegeza masharti ya uagizaji, ikiruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni. Katika miaka iliyofuata, na hasa kuanzia miaka ya 1990, bandari ya Dar es Salaam ilipokea magari mengi yaliyotumika kutoka Japan. Corolla, Hiace, RAV4, Noah na Prado zikaenea hadi vijijini.

Sababu za wateja kuhama zilikuwa za msingi kabisa. Gari la Kijapani liliwaka asubuhi bila kusukumwa. Lilitumia mafuta kidogo. Halikuvujisha maji ya mvua kwenye magoti ya dereva. Spea zake zilipatikana kila kona, na usukani wake haukuhitaji mabega ya mbeba mizigo. Aliyesafiri kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam ndani ya 109, kwa kelele na mtikisiko wake, hakuhitaji mtu wa kumshawishi abadilishe.

Kwenye lami uamuzi huo ulikuwa sahihi, na bado ni sahihi. Tatizo lilianza kwa wale ambao kazi yao iko mbali na lami.

Gari la kisasa limejengwa kwa sensa, nyaya na kompyuta ndogo. Sensa moja ikilowa maji au waya mmoja ukikatwa na jiwe, injini inaweza kupunguza nguvu au kugoma kabisa. Fundi wa Langali mwenye spana hana la kufanya. Anahitajika fundi wa umeme mwenye mashine ya kusomea hitilafu, naye yuko mjini. Gari linabaki mlimani pamoja na mzigo.

Aidha, injini mpya za dizeli zina pampu na nozeli zinazofanya kazi kwa shinikizo kubwa mno, na uchafu mdogo katika mafuta huziharibu. Tanzania inalifahamu vyema tatizo hilo. Uchanganyaji wa mafuta ya taa kwenye dizeli na petroli, maarufu kama uchakachuaji, ulifikia hatua ya kuilazimu EWURA kuanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwezi Septemba 2010. Mwaka uliofuata serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa kishawishi hicho. Hali iliboreka, lakini mafuta yanayouzwa kwenye madumu vijijini bado hayana wa kuyadhamini.

Hesabu za mwaka mmoja

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa mboga anayefanya safari 120 kwa mwaka kati ya Mgeta na Morogoro mjini, kila safari kilometa 100 kwenda na kurudi. Jumla ni kilometa 12,000. Takwimu zinazofuata ni za mfano. Kila mmoja aweke za kwake kulingana na bei za siku hiyo.

Petroli ihesabiwe kwa Sh3,000 kwa lita. Land Rover 109 inayokwenda kilometa 6 kwa lita itatumia lita 2,000, sawa na Sh6 milioni kwa mwaka. Gari la kisasa la familia linalokwenda kilometa 10 kwa lita litatumia lita 1,200, sawa na Sh3.6 milioni. Hapo 109 imeshindwa kwa Sh2.4 milioni.

Matengenezo ya kawaida yawe Sh3 milioni kwa 109, kwa sababu gari kuukuu halikosi dogo la kurekebisha, na Sh2 milioni kwa gari la kisasa. Hapo pia 109 imeshindwa.

Sasa uchakavu. Gari la kisasa lililonunuliwa kwa Sh30 milioni na kuuzwa baada ya miaka mitano kwa Sh15 milioni limemgharimu mwenyewe Sh3 milioni kila mwaka, hata kama halikuharibika hata siku moja. Land Rover iliyonunuliwa kwa Sh12 milioni, ikasukwa upya kwa Sh5 milioni, na baada ya miaka mitano ikauzwa kwa Sh12 milioni ileile, imemgharimu Sh1 milioni kwa mwaka. Gari lililokwisha kushuka bei halina tena mahali pa kushukia.

Jumla ni Sh10 milioni kwa 109 na Sh8.6 milioni kwa gari la kisasa. Wengi huishia hapo na kusema gari la zamani ni hasara.

Lakini kuna gharama ambayo haionekani kwenye risiti, nayo ni gharama ya mtaji. Gari la kisasa limefunga Sh30 milioni, wakati 109 imefunga Sh17 milioni. Kama fedha hizo ni za mkopo wenye riba ya asilimia 16 kwa mwaka, gari la kisasa linabeba riba ya Sh4.8 milioni na 109 Sh2.72 milioni. Jumla mpya ni Sh13.4 milioni kwa gari la kisasa na Sh12.72 milioni kwa 109. Mshindi amebadilika, ingawa kwa tofauti ndogo ya Sh680,000.

Tofauti hiyo ni nyembamba kiasi kwamba bei ya petroli ikipanda na kuvuka Sh3,850 kwa lita, ushindi unarudi kwa gari la kisasa. Mwenye 109 hana budi kuangalia bei ya mafuta kama mkulima anavyoangalia mawingu.

Mzigo ndio unaoamua

Hesabu hizo zinalinganisha magari. Mkulima hauzi kilometa, anauza kilo. Kama 109 inabeba kilo 800 kila safari na gari la familia kilo 400, basi kwa mwaka la kwanza limeteremsha tani 96 na la pili tani 48. Gharama ya kusafirisha kilo moja inakuwa takriban Sh133 kwa 109 na Sh279 kwa gari la kisasa.

Hapo ndipo siri yote ilipo. Land Rover iliyojaa mzigo ni biashara. Land Rover inayokwenda tupu, au inayompeleka mtu mmoja kazini mjini, ni anasa yenye kelele. Anayetaka kurudi kwenye 109 ajiulize kwanza atabeba nini kupanda na atabeba nini kushuka. Mbolea, saruji, mabati na bidhaa za dukani zikipanda, na mboga zikishuka, safari moja inalipwa mara mbili.

Vilevile 109 isishindanishwe na gari lisilo saizi yake. Kutoka Morogoro hadi masoko ya Dar es Salaam, Kenta au Fuso itaishinda kwa kila kilo. Kwenye vichochoro vya kutoka shambani hadi barabarani, bodaboda yenye gunia moja au mawili inaweza kuwa nafuu zaidi. Nafasi ya 109 ni ya katikati: kutoka mahali pikipiki inapoelemewa na mzigo hadi mahali lori linapoweza kufika. Upande wa mashariki wa Uluguru, wenye mvua nyingi kuliko magharibi, ambako ndizi, nanasi, karafuu na viungo vingine hutoka kwenye miteremko mikali, nafasi hiyo ni pana zaidi.

Yasiyosemwa na wapenzi wake

Wapenzi wa Land Rover ni hodari wa kusimulia sifa na wavivu wa kusimulia kasoro. La kwanza ni breki. Magari haya yana breki za dramu, ambazo hupoteza nguvu zikipata moto kwenye mteremko mrefu. Mengi ya zamani yana mfumo mmoja tu wa maji ya breki. Bomba likipasuka, magurudumu yote hukosa breki kwa pamoja. Dereva anayeshuka kutoka Nyandira anapaswa kutumia gia nzito na kuiacha injini izuie gari, si kukanyaga breki mlima mzima.

La pili ni abiria. Mazoea ya kuwapakia watu juu ya magunia yamezoeleka kwa sababu usafiri mwingine ni haba. Hayana mikanda, hayana bima, na kisheria hayaruhusiwi. Anayetaka kubeba abiria kibiashara anapaswa kupata leseni ya LATRA, chombo kilichoundwa mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA katika usafiri wa nchi kavu. Faida ya nauli chache hailingani na maisha ya jirani.

La tatu ni chasisi. Aluminiamu ya bodi hung’aa huku chuma kilicho chini yake kikioza kutokea ndani, hasa pale tope linapokaa bila kuoshwa. Mnunuzi asidanganywe na rangi mpya. Alale chini ya gari, agonge chasisi kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma, na asikilize. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu. Injini inaweza kusukwa Morogoro, lakini chasisi iliyokwisha ni gari lililokwisha.

La nne ni karatasi. Wamiliki wengi wameondoa injini ya asili na kupandikiza ya dizeli ya Kijapani ili kuokoa mafuta. Ni uamuzi wenye mantiki, lakini namba ya injini isipobadilishwa kwenye kadi ya gari katika kumbukumbu za TRA, mnunuzi anarithi kesi. Pia fundi ahakikishe giaboksi na difu zinastahimili nguvu ya injini mpya, maana hizo zilitengenezwa kwa injini ya upole.

Kwa upande wa kodi, mwenye gari la zamani alipata nafuu mwaka 2017, serikali ilipofuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na badala yake kuongeza ushuru wa Sh40 kwa kila lita ya mafuta. Gari lililolazwa kusubiri msimu halilimbikizi tena deni la ada hiyo. Kwa lita 2,000 za mfano wa hapo juu, ongezeko hilo ni Sh80,000 kwa mwaka, nalo hulipwa tu pale gari linapofanya kazi.

Msiuze kwa bei ya chuma chakavu

Kuna jambo jingine ambalo wamiliki wa vijijini wanapaswa kulifahamu. Utengenezaji wa Land Rover ya umbo lile la zamani, ambayo mwisho wake iliitwa Defender, ulikoma kiwandani Solihull, Uingereza, Januari 29, 2016. Mwaka huohuo kampuni yenyewe ilianza kuuza Land Rover za toleo la kwanza zilizofufuliwa upya kwa ajili ya watozaji. Nchini Marekani, gari lililofikisha miaka 25 halibanwi tena na viwango vya usalama vya magari mapya linapoingizwa, na 109 zote zimeshapita umri huo.

Maana yake ni kwamba gari lililolala nyuma ya nyumba, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva, linaweza kuwa na thamani kuliko mwenyewe anavyodhani. Kabla ya kumuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu kwa kilo, mwenye gari aulize bei kwa watu zaidi ya mmoja, na aitunze kadi yake. Gari lenye kadi sahihi na chasisi nzima ni mali. Lisilo na kadi ni spea tu.

Dawa ya kudumu

Pamoja na hayo yote, itakuwa kosa kuifanya 109 kuwa jibu la matatizo ya usafirishaji wa Uluguru. Sifa zake nyingi zinatokana na ubovu wa barabara. Barabara ya Sangasanga hadi Langali ikipitika mwaka mzima, na njia za vijijini zilizo chini ya TARURA zikawekwa mifereji na makalavati ya kutosha, lori la kawaida litafika kwa mkulima na gharama ya kilo moja itashuka kuliko gari lolote la zamani linavyoweza kuishusha. Siku hiyo Land Rover itastahili kupumzika na kubaki gari la maonyesho, kama zile Datsun za Safari.

Siku hiyo haijafika kwa vijiji vyote. Kwa sasa, mwenye mzigo wa uhakika, fundi mwaminifu na chasisi nzima anaweza kurudi kwenye 109 bila kuona haya, mradi aanze na breki kabla ya rangi. Asiye na mzigo abaki na gari lake la kisasa na akodi Land Rover ya jirani siku ya mavuno. Kabichi haina kumbukumbu ya gari lililoibeba. Ina bei ya siku iliyofika sokoni.